Nusu Kilo Iliyozidi

Kisian, Kisumu
Jumapili, tumetoka kanisani

Kwa dada yangu mpendwa Wakesho,

Nakusalimu mapema, kabla hujapata nafasi ya kusema kwamba ndugu yako alikwenda ziwani akasahau adabu. Hujambo? Goti lako la kushoto je, lile linalotabiri mvua kuliko redio? Ng'ombe amezaa? Na yule jirani wa juu anayeziba mfereji siku ya zamu yako, bado anasema ni kaa ndio wanaofanya hivyo? Nijibu yote, usiruke hata moja. Mimi hapa kila nikiona ukungu asubuhi juu ya maji hujidanganya kidogo kwamba niko Wundanyi, kisha jua linatoka, ukungu unageuka jasho, nakumbuka niliko.

Sisi hatujambo. Mtoto hajambo. Hilo nimelitanguliza makusudi, kwa sababu najua binamu yetu Mghanga amekwisha kukuambia kwamba nimempeleka Mwadime "kupasuliwa tumbo lote". Si tumbo lote, dada. Ni hapa chini kwenye kinena, urefu wa kidole chako cha mwisho, na mwenyewe yuko mlangoni sasa hivi anagombana na kuku. Ningekupigia simu, lakini simu yako inashikwa na Mghanga, na neno nikimwambia Mghanga saa nne, saa sita limekwisha fika Voi likiwa limeota mkia. Kwa hiyo nimeandika. Barua anakuletea Mwalimu Righa, yule wa kwetu anayefundisha hapa Kisumu, wamefunga shule anarudi nyumbani. Bahasha nimeitia gundi mara mbili. Ukiikuta imefunguliwa, muulize vizuri, na umtazame macho akijibu.

Usicheke. Najua ulivyoniita zamani, "Karani", kwa sababu nilikuwa nahesabu maharagwe kwenye sahani yangu na kwenye yako. Basi ngoja usikie Karani wako alikofika.

Ilianza kwenye beseni. Mke wangu Akinyi alikuwa akimwogesha mtoto nje, Mwadime akacheka, na pale kwenye kinena pakatokea kivimbe kama ndimu changa. Akalala chini, kikapotea. Akacheka tena, kikarudi. Kitu kinachojificha kikitafutwa, mimi hukishuku tangu siku ya kwanza. Tukaenda hospitali mjini, daktari akabonyeza, akasema ni henia. "Upasuaji mdogo tu, Mzee. Anaingia asubuhi, jioni mko nyumbani."

Mdogo tu! Dada, kazi yangu unaijua. Miaka kumi na tisa natengeneza mizani pwani hii ya ziwa, kutoka Kisian mpaka Usenge kwa wanunuzi wa samaki. Nimekuta sumaku chini ya sahani. Nimekuta jiwe la kilo moja limetobolewa tumboni likajazwa nta. Mtu akiniambia kitu ni kidogo, mimi hutazama kwanza kidole chake kiko wapi.

Nikamuuliza daktari, "Dawa ya usingizi mtampa kiasi gani?"

"Kulingana na uzito wake."

"Uzito wa mizani ipi?"

Daktari akamtazama Akinyi. Akinyi akatazama dari.

Lakini jambo moja alilisema bila kutabasamu, na ndilo lililonikaa. Siku ya upasuaji mtoto asile kitu chochote tangu anapolala usiku. Akiwa na chakula tumboni, kinaweza kurudi juu akiwa amelala usingizi wa dawa, kikaingia kwenye mapafu. "Hapo ndipo jambo dogo linakuwa kubwa," akasema. Nikamwamini. Ni sentensi pekee niliyoiamini siku ile.

Sasa mama yake Akinyi akaja. Huyu ni yule mama wa Usenge anayeanika omena, dagaa wa ziwa hili. Hapa lazima nikueleze kitu, maana siku ya harusi uliniuliza mbona hakunipa mkono, ukadhani anawadharau watu wa milimani. Hakudharau. Kwa Wajaluo, dada, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali mahali pamoja, na yeye halali katika nyumba ya binti yake. Ni heshima. Wengi siku hizi wamelegeza, hasa wa mjini, lakini mama huyu hajalegeza hata uzi. Mwaka wa tisa sasa, hajawahi kunielekezea neno moja. Akija, analala kwa mpwa wake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikitoka kwenda kazini, anaingia. Nikirudi, ninachokiona ni pindo la leso likikata kona nyuma ya nyumba.

Wewe mwenyewe sema. Mtu kama mimi, ninayemshuku hata anayenitazama usoni, nitamwonaje anayenikimbia?

Na kuna neno nililolisikia. Siku moja kabla ya kwenda hospitali nilirudi mapema, nikamsikia ukutani akimwambia Akinyi kwa Kiswahili, kwa ajili ya mpwa wake aliyekulia mjini: "Mtoto alale na njaa? Nyumba yenye unga?" Nikajifanya natafuta bisibisi. Neno nikaliweka mfukoni.

Siku yenyewe ikafika. Akinyi alitangulia hospitali alfajiri akashike foleni ya faili. Mimi nikabaki nimlete mtoto. Nikamwamsha, nikamvua, nikamsimamisha kwenye mizani yangu ya chini, ile ya sahani ambayo huwapimia watu magunia pale karakana ya uani. Kilo kumi na nane na nusu. Nikaandika kwenye kiganja.

"Baba, unaniuza?" akauliza.

"Bei ya leo mbaya," nikamwambia. "Tungoje wiki ijayo."

Tukatoka. Tulipofika nyumba ya mpwa, akanivuta mkono: lazima amuage Dana. Dana ni bibi kwa Kijaluo. Ningemkataliaje? Mimi siwezi kuingia, basi nikasimama nje ya ua kama mtoza ushuru. Nikatazama saa. Nikatazama paa. Nyumba ya watu watano, asubuhi ile, haina moshi hata kidogo. Nikajiuliza, wamepika saa ngapi hawa hata moto umekwisha zimwa? Mlango umefungwa. Dakika kumi na mbili, dada, nilizihesabu. Mlango ukafunguka nusu, mtoto akatoka, na mkono wa bibi ukatoka nyuma yake ukampangusa mdomo kwa leso. Kisha kidole kikasimama mbele ya midomo: shhh.

Mwadime ni mtoto wa kuzungumza. Huzungumza hata akiwa amelala. Asubuhi ile alitembea kimya kama shahidi aliyelipwa.

"Dana amekupa nini?"

"Hakuna."

"Amekuambia nini?"

"Siri."

Hospitali tukamkuta Akinyi na faili, na habari njema: mtoto wetu ndiye wa kwanza siku ile. Sista, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, akasema mtoto apande mizani. Akapanda. Kilo kumi na tisa.

"Sista," nikasema, "mizani yako inadanganya."

"Samahani?"

"Imezidisha nusu kilo. Mtoto huyu ana kumi na nane na nusu." Nikamwonyesha kiganja.

"Umeandika kwenye mkono, Mzee, na mkono umetoka jasho. Hata ni nane hii ama ni tatu?"

"Mimi ni fundi wa mizani."

"Na mimi ni nesi. Mtoto, shuka mwanangu."

Ningenyamaza hapo, sasa hivi nisingekuwa na la kuandika. Lakini kwenye begi langu, unanijua, hakukosekani jiwe la kupimia la kilo tano, lililokaguliwa na kupigwa mhuri. Nikalitoa. Watu wa foleni wakasogea kuona. Nikaliweka kwenye mizani ya Sista polepole, kama mtu anayeweka ushahidi mbele ya hakimu.

Kilo tano. Kamili. Mshale haukutikisika.

Mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Fundi amepigwa na jiwe lake," watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kichwani hesabu ilikuwa imekwisha jipanga. Mizani ya hospitali ni ya kweli. Mizani yangu, mizani ya fundi, haiwezi kukosea. Basi mtoto ameongezeka nusu kilo kati ya nyumbani na hapa. Na katikati pana nyumba moja tu. Bakuli la uji ni nusu kilo, dada. Nikaona kila kitu: moshi uliozimwa, mlango, leso mdomoni, kidole.

Nikachuchumaa mbele ya Mwadime. "Umekula?"

"Sijakula."

"Dana alikupa uji?"

Akabana midomo akamtazama mama yake. Nikasimama nikamwambia Sista, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia, "Mimi nashuku mtoto huyu amelishwa na bibi yake."

Uso wa Akinyi sitauelezea. Siku ukija utamwomba akuonyeshe, anaweza kuurudia.

Sista aliacha mzaha pale pale. Akamwita daktari wa usingizi, msichana mdogo mwenye miwani, ambaye ningemdhania mwanafunzi wa Mwalimu Righa.

"Ulimwona akila, Mzee?"

"Sikumwona. Nimempima."

"Amekula saa ngapi, kama amekula?"

"Saa kumi na mbili na nusu hivi."

"Mama, wewe wasemaje?"

"Mama yangu hawezi," Akinyi akasema. "Anajua. Nilimweleza mara tatu."

Daktari akashusha pumzi. "Sawa. Huenda hajala. Lakini mimi siwezi kumlaza mtoto juu ya huenda. Shaka ikishaingia humu ndani haitolewi kwa maneno. Tutamhesabu kama aliyekula, tungoje saa zipite. Alikuwa wa kwanza, sasa awe wa mwisho. Saa saba, kama kutakuwa na nafasi. Isipokuwepo, mtarudi mwezi ujao."

Mwadime akauliza, "Nikingoja nitakula?" Sista akamwambia hapana, mwanangu, bado. Hapo ndipo alipolia. Na alipolia, ndimu ile ikatokea, kubwa kuliko nilivyowahi kuiona, na ngumu. Daktari akaibonyeza, akangoja, ikarudi ndani. Akasema, "Msimwache alie sana." Ndipo nilipoanza kuogopa kwa kweli, dada. Mwezi ujao nao una siku ngapi za kulia?

Akinyi alitoka na simu. Saa tatu na nusu mama yake akateremka kwenye pikipiki, leso mbili, viatu vya kanisani. Hakunitazama. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa binti yake, akazunguka nguzo ya baraza, akakaa upande wa pili. Kwa hiyo mimi benchi hili, yeye benchi lile, nguzo katikati, na Akinyi amesimama kwenye nguzo kama mkalimani wa mahakama.

Akaanza. Na hakuanza kwa Kijaluo. Alisema Kiswahili, nisije nikasingizia sikuelewa.

"Akinyi, mwambie huyo mwenye mizani mimi nimezaa saba."

"Mama anasema amezaa saba."

"Nimesikia," nikasema.

"Mwambie asinijibu mimi. Akujibu wewe."

"Mama anasema unijibu mimi."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Muulize, asubuhi aliona moshi kwangu?"

"Hapana," nikasema. "Akinyi, mwambie hapana. Sikuona."

"Muulize kwa nini hakuona."

Nikatazama begi langu. Nilikuwa na jibu, lakini halikuwa jibu la kusema mbele ya nguzo.

"Mwambie moto niliuzima mimi jana jioni," bibi akasema. "Watu watano nyumba ile, hakuna aliyechemsha hata chai asubuhi, mtoto asije akapita akasikia harufu akalia. Na mimi mwenyewe sijatia kitu mdomoni tangu jana aliponyang'anywa sahani huyu. Nilimwambia, nyakwara, mjukuu wangu, hutakaa na njaa peke yako. Tutakaa wawili. Akalia kidogo, nikampangusa. Hiyo ndiyo siri. Nilimwambia asimwambie baba yake, kwa sababu nilijua baba yake angekuja na mizani kunipima mimi."

Upande wa pili wa nguzo nikasikia Mwadime akinong'ona, "Dana, umesema siri."

"Nimeisema, baba. Imekwisha kuwa nzito."

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia Akinyi. Hata hapo, dada, nilimwamini na sikumwamini. Maneno yalinichoma, lakini ile nusu kilo ilikuwa bado imekaa katikati ya baraza, haijaondolewa na mtu. Kumi na nane na nusu, kumi na tisa. Namba haina viatu vya kanisani, haina machozi, na mimi nimeishi kwa kuziamini namba kuliko midomo. Nikakaa pale nikichungulia pembeni ya nguzo nione kama bibi atatoa kitu kwenye leso ampe mtoto. Hakutoa. Alikuwa akimhesabia boti za kwao Usenge: hii ya nani, ile ya nani, injini yake inaliaje.

Halafu likanijia jambo lingine, nikatamani nguzo ile iwe ukuta. Katika watu wote wa mtoto huyu, mmoja tu ndiye aliyekuwa na tumbo lililoshiba. Akinyi alitoka bila chai. Bibi ndiye huyo. Mpwa na watoto wake wamelala jiko baridi. Mimi, kabla sijamwamsha mtoto, nilisimama gizani jikoni nikala mihogo mitatu na kikombe cha chai, mlango nimeufunga, asisikie. Nikapangusa mdomo. Kama ungelisimama nje ya ua wangu na saa mkononi, ungelinikamata mimi.

Saa zikaenda. Saa tano Mwadime alikuwa akitaja vyakula kwa sauti ndogo: ugali, samaki, ugali, andazi. Saa sita aliacha kutaja. Hilo lilikuwa baya zaidi. Midomo yake ilikauka, alilala mapajani mwa bibi macho wazi, na kila mtoto aliyekuwa nyuma yetu kwenye orodha akaitwa, akapita mbele yetu amebebwa. Kila mlango ulipofunguka nilisimama. Sista akasema, "Mzee, kaa. Umesimama ukipimwa utaonekana umepungua." Nikakaa.

Saa nane kasoro robo akaja. "Mwadime. Haraka, daktari anataka kuondoka."

Akinyi akamchukua kutoka kwa mama yake, akanipa mimi. Nikambeba mpaka kwenye ule mstari mwekundu ambao mzazi haupiti. Daktari mwenye miwani akafungua mikono.

"Baba," Mwadime akasema, "nikitoka utanipima tena?"

"Sitakupima."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mlango ukafungwa. Sikukaa kwenye benchi. Dakika arubaini na tano nilisimama nikisoma tangazo la kunawa mikono, na mpaka leo naweza kukuambia lina makosa gani. Nyuma yangu bibi aliomba kwa Kijaluo, polepole, na jina la mtoto nililisikia, na mara mbili nikasikia jina langu. Nikashuku ananishtaki kwa Mungu. Baadaye Akinyi akaniambia alikuwa ananiombea akili. Si mbali sana.

Alitoka salama. Bandeji ndogo, uso wa mtu aliyeamshwa katikati ya mchezo. Alitema mate kidogo, akalia kidogo, akatafuta mkono, akaupata wa bibi. Tulipohamishiwa chumba cha kupumzikia, Sista akasema sasa anaweza kuonja uji, kidogo kidogo, akiuweza mengine yafuate. Mpwa alikuwa amekwisha leta kikapu: chupa ya uji, na bakuli kubwa limefungwa kitambaa. Bibi akamlisha uji kijiko kimoja kimoja. Mimi nimesimama mlangoni, kimoyomoyo nahesabu vijiko. Karani hafi.

Bakuli halikufunguliwa. Mtoto akanywa uji, akasinzia. Bibi akakaa na bakuli mapajani, mikono juu ya kitambaa. Dakika zikapita. Anatazama ukuta. Nikasema moyoni, kuna nini ndani ya bakuli lile ambacho hataki nikione? Dawa za mizizi? Nikaanza hata kunyoosha shingo.

Akinyi akanishika kiwiko. "Baba Mwadime, toka nje."

"Kwa nini?"

"Toka tu."

"Nataka kujua ndani ya bakuli pana nini."

"Ni chakula, wewe mtu! Mama hajala tangu jana jioni na hawezi kula ukiwa umesimama hapo. Anangoja uondoke. Amengoja siku nzima uondoke!"

Nilitoka, dada. Nikazunguka jengo nikasimama chini ya dirisha, juani. Nikasikia kitambaa kikifunguliwa. Nikasikia kifuniko. Kisha kimya cha mtu mwenye njaa anayekula bila haraka, kwa sababu ni mtu mwenye heshima. Nikabaki pale mpaka nikasikia maji yakimiminwa mikononi. Baadaye kidogo Akinyi akatokeza na sahani imefunikwa sahani nyingine: ugali na samaki mzima. "Amesema huyu wa nje naye apelekewe," akasema. Nikala nimesimama. Na mimi ndiye niliyekuwa nimekula mihogo.

Ngoja, haijaisha. Asubuhi ya pili nilichukua jiwe langu la kilo tano nikaliweka kwenye mizani yangu mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu bado nilishuku. Nilitaka kuuona uongo wa bibi kwa macho, nimalize. Mshale ukasimama kwenye kilo nne na nusu.

Nikaligeuza jiwe. Nne na nusu. Nikaipindua mizani. Chini ya sahani, dada, pamepangwa vifuniko vya soda saba, safu moja nzuri. Sahani ikishuka inavigusa, na vyenyewe vinabeba sehemu ya mzigo. Nikamwita Mwadime, akaja anatembea kwa hatua za mzee.

"Hii ni nini?"

"Gereji," akasema. "Magari yangu yanalala hapo."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Mizani zote za ziwa hili nimezipima isipokuwa hiyo. Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya Pasaka. Nimewaita watu wangapi wezi nikitumia mizani ile, sitaki kufikiri. Akinyi alipovikuta vifuniko mkononi mwangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka ghafla, akaniambia, "Sasa wewe mwenyewe umwambie mama."

Siku mbili nilijitia kazi karakana. Siku ya tatu bibi akawa anarudi Usenge, omena zake haziwezi kungoja. Nikamshika Mwadime mkono tukaenda taratibu mpaka ile nyumba, nikasimama pale pale nje ya ua nilipokuwa nimesimama na saa. Safari hii moshi ulikuwepo. Nikamwambia mtoto, kwa sauti ya kufika ndani, "Ingia umwambie Dana kwamba mizani ya Baba ndiyo iliyosema uongo."

Akaingia. Nikasikia mazungumzo. Akatoka.

"Dana anasema amesikia."

"Basi?"

"Anasema mizani haina mdomo."

Hayo tu. Pindo la leso likakata kona kuelekea barabarani, na sikusikia zaidi.

Anasema kweli. Mizani haikumtaja mbele ya foleni. Nilimtaja mimi. Na mimi siwezi kumwendea Usenge nikakaa mbele yake nikasema samahani, mila hainiruhusu, na hata ingeruhusu nadhani ulimi ungekauka. Jambo kama hili husemwa na mtu mzima wa upande wangu, aketi naye mwanamke kwa mwanamke. Mama yetu hayupo. Aliyenilea ni wewe. Mtoto atatolewa nyuzi wiki ijayo na daktari anasema kila kitu kimeshika, lakini hiki kingine hakijashonwa, dada, na sindano ni wewe. Njoo. Goti utalipumzisha njiani. Ukifika Akinyi atakupeleka Usenge, na mimi nitabaki Kisian kama inavyopasa.

Nisalimie mjomba mwenye kuomba kanisani, umwambie maombi yalifika ila yalichelewa foleni. Msalimie mama mkubwa wa nyumba ya chini, na mke wa marehemu kaka yetu pamoja na binti yake anayesomea ushonaji. Jirani wa mfereji msalimie pia. Inawezekana kweli ni kaa. Mghanga mwambie mtoto amepona, kwa maneno hayo hayo mawili, uone yatarudi kwako yakiwa mangapi.

Ukija usije mikono mitupu kwa mama yule. Mletee maharagwe ya kwetu, yale mekundu ya shamba la juu. Jaza mfuko kwa macho, ukiona unatosha ongeza, kisha ufunge. Usiyapime.

Ndugu yako uliyemlea na kumvumilia,
Mwakio
(Karani)